Gari Lenye Kiu

Kabla sijajua kushika usukani, niliyajua magari kwa kiu yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980, sisi watoto wa Dandora Phase 2 tulikuwa na kazi yetu pale steji: kuchota maji kwenye mabomba ya ploti na kuyapeleka kwa matatu zilizokuwa zikingoja kujaa. Dereva alipaza sauti, "Kijana, maji!" nasi tukakimbizana na mikebe ya mafuta ya kupikia, maana aliyefika kwanza ndiye aliyelipwa. Malipo yalikuwa sarafu, au mara nyingine kubebwa bure hadi Kariobangi na kurudi, jambo ambalo kwetu lilishinda sarafu. Tulizijua matatu zote. Kulikuwa na moja iliyokunywa mkebe mmoja asubuhi ikatosheka hadi jioni. Nyingine ilikunywa kila mzunguko. Na ilikuwepo moja iliyotembea boneti ikiwa imeinuliwa kwa kipande cha mti ili upepo uingie, na makanga wake alishinda na jerikeni katikati ya miguu kama mtu aliyepakata mtoto.

Sikuwahi kuuliza kwa nini magari yale hayakutengenezwa. Nilipokua ndipo nikaelewa. Dereva wa matatu hana gari, ana siku. Jioni mwenye gari anataka hesabu yake, iwe jua liliwaka au mvua ilinyesha, na gari likishinda gereji leo, hesabu ya leo imekufa. Mkebe wa maji ulikuwa sarafu moja. Rejeta ilikuwa jasho la wiki nyingi. Siwalaumu madereva wale, na mpaka leo nikiona matatu imesimama kando ya barabara ikitoa mvuke, humwonea dereva huruma kabla sijawawazia abiria. Lakini naamini ni pale steji nilipojifunza kosa lililokuja kunigharimu: kudhani kwamba gari linalopoteza maji ni gari linalohitaji maji.

Na maji kwetu hayakuwa kitu cha mchezo. Mtaa wenyewe ulianzia bombani. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya fedha za mradi wa Dandora, viwanja 6,000 vilivyowekewa huduma. Waliobahatika wengi hawakukabidhiwa nyumba. Walikabidhiwa kiwanja chenye choo, bafu na bomba, kisha vyumba wakajijengea wenyewe kadiri mkono ulivyoruhusu. Baba alikuwa mmoja wao. Chumba cha kwanza kiligusana na ukuta wa bafu, cha pili kikagusana na cha kwanza, hivyo hivyo mpaka ploti ikajaa wapangaji. Nyumba yetu ilikua kuzunguka maji. Siku hizi bomba hukauka siku kadhaa kwa wiki na jerikeni ya lita 20 huja kwa mkokoteni, lakini bado liko palepale alipolikuta baba.

Mwaka 2011 nilinunua gari langu la kwanza, Toyota 110 nyeupe yenye injini ya 5A, lililokwisha kupita katika mikono ya watu wawili kabla yangu. Katika ploti yetu hapakuwa na gari jingine. Mtu ambaye hajaishi Dandora anaweza kudhani hilo lilikuwa gari langu. Halikuwa. Lilikuwa gari la ploti nzima: lilipeleka watoto hospitalini usiku, likabeba sufuria za harusi na viti vya matanga, likamrudisha mzee wa chumba cha nne kutoka kliniki ya sukari kila mwezi. Nilipenda sana kuitwa. Mtu akigonga mlango saa tano za usiku, nilivaa viatu nikiwa na furaha ambayo sikumwambia mtu, kwa sababu baba alitembea kwa miguu maisha yake yote na mimi nilikuwa na funguo mfukoni.

Gari lilianza kunywa mwanzoni mwa 2014. Kwanza nusu lita kwa wiki. Halafu nusu lita kila siku mbili. Nikanunua jerikeni ya lita 5, nikaiweka kwenye buti, na kila asubuhi kabla ya kuwasha nilifungua boneti na kulijaza. Fundi mmoja wa kando ya barabara akanishauri niweke bizari ndani ya rejeta, ile ile ya mchuzi, kwamba unga wake utakwenda kuziba tundu. Nikaweka. Kuvuja kukapungua kwa wiki mbili, nami nikaamini nimepona. Sikuona kwamba nilikuwa nimerudi steji na mkebe wangu, tofauti ikiwa tu kwamba safari hii hakuna aliyenilipa.

Julai mwaka huo mama yangu mdogo akafariki huko Kangundo. Mazishi yakapangwa Jumamosi. Ijumaa usiku mke wangu aliniambia, "Baba watoto, kesho tupande matatu. Gari hili linakunywa." Nikamjibu kwamba nimelishughulikia. Nimeirudia sentensi ile akilini mara nyingi, nikitafuta nilichokuwa nikikilinda. Sikuwa na hesabu ya kumpelekea mtu jioni. Nauli ya watu watano isingenivunja. Nilichokilinda ni kwamba mama yangu, akienda kumzika mdogo wake, ashuke mbele ya watu wa kwao kutoka kwenye gari la mwanawe. Aibu ya kumpandisha matatu ilhali gari limeegeshwa mlangoni ilinizidi nguvu. Yale mengine yote niliyojiambia usiku ule, kwamba ni kilomita 50 tu, kwamba lami ni nzuri, kwamba asubuhi kuna baridi, yalikuwa watumishi wa aibu ile.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Mama alikaa mbele na leso yake mabegani. Mke wangu na dada wawili wa mama wakabanana nyuma, sufuria mbili kubwa zikiwa kwenye buti pamoja na jerikeni. Njiru tulipita vizuri. Ruai palikuwa na msongamano kidogo na mshale wa joto ukapanda kupita katikati, tulipoachiliwa ukashuka. Ukishuka namna hiyo mtu hupata moyo. Leo najua maana yake. Gari likitembea, upepo wa safari ndio unaopuliza rejeta. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Mshale unaopanda kwenye foleni na kushuka kwenye barabara wazi ni barua iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na mimi niliisoma kama habari njema.

Kamulu nikasimama. Nilingoja dakika kumi, nikashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikakifungua polepole mpaka pumzi ikatoka yote, nikamimina maji. Yaliingia lita tatu. Mfumo mzima wa gari lile hubeba kama lita 6. Yaani katika kilomita zisizofika 30 nusu ya maji ilikuwa imekwenda, na bado vilima vyote vilikuwa mbele. Hapo ndipo uamuzi ulipokuwa. Haukuwa nyumbani Ijumaa usiku, maana nyumbani ningeweza kujitetea kwamba sikujua. Kamulu nilijua. Namba nilikuwa nayo mkononi, matatu za kwenda Tala zilikuwa zikipita nyuma ya mgongo wangu, na saa ilikuwa bado haijafika mbili na nusu.

Mama aliteremsha kioo. "Mwanangu, liko sawa?"

"Liko sawa, mama. Lilikuwa na kiu tu."

Baada ya Malaa barabara ilianza kupanda na mshale ukapanda nayo, robo tatu, kisha karibu na nyekundu. Nikapunguza mwendo. Nikatafuta mahali pa kusimama, na kabla sijapapata, mshale ukaanguka. Ulishuka ghafla mpaka chini kabisa, kama gari limewashwa sasa hivi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Dada mmoja wa mama kule nyuma akaitikia amina bila kujua ninashukuru nini.

Mwenye gari yeyote anayesoma hapa ajue kisa cha mshale ule. Kile kinachopima joto kimechomekwa ndani ya maji ya injini. Maji yakiwepo, hupima maji. Maji yakiisha, kinabaki kwenye uwazi, na hewa haipitishi joto kama maji, kwa hiyo mshale hurudi kwenye baridi wakati chuma chenyewe kinaungua. Kwangu ilichukua kama dakika tatu. Gari likapoteza nguvu, nikabadili gia, likazidi kulegea. Ukaja mlio kama changarawe ndani ya kopo, halafu harufu ya mpira na rangi inayoungua, halafu injini ikajizima yenyewe katikati ya kilima, na mvuke ukafunika kioo chote.

Jumamosi matatu za njia ile hupita zimejaa. Zilikuwa zikipunguza mwendo, makanga akichungulia, akionyesha kidole kimoja: nafasi ya mtu mmoja. Mama hakutaka kumwacha dada yake barabarani, wala dada yake hakutaka kumwacha mama. Saa tano ilipita kabla hawajapata gari la wawili. Mimi nilibaki na gari na sufuria. Walipofika Kangundo, mchungaji alikuwa na mazishi mengine mchana ule na wazee walikuwa wamengoja kadiri walivyoweza. Kaburi lilikuwa limefunikwa na maua yamekwisha kuwekwa. Mama ndiye aliyembeba mgongoni mdogo wake huyo walipokuwa watoto. Jioni nilipofika kwa bodaboda nikiwa na vumbi hadi kwenye kope, alinipa chai, akaniuliza kama nimekula, na baada ya kimya kirefu akasema, "Nilitaka kumtupia udongo." Hakusema zaidi ya hapo, wala hajalirudia tena.

Jumatatu gari lilivutwa kwa kamba hadi Kariobangi Light Industries. Wale wasiopajua: ni upande wa Outering Road, si mbali na kwetu, mahali ambapo ukiingia asubuhi masikio hujaa nyundo. Huyu anayeyusha mabati ya alumini apate sufuria, yule anachomelea geti, mwingine anauza vipuri vilivyopangwa juu ya gunia kama nyanya. Nilipelekwa kwa fundi mzee ambaye vijana wote pale walimwita mwalimu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili akanionyesha bila neno. Oili ilikuwa imegeuka chai ya maziwa. Maji na oili vilikuwa vimekutana mahali ambapo havikupaswa kukutana kamwe.

Alipoifungua injini nilikuwepo, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikiendesha miaka mitatu. Injini ni nyumba ya Dandora. Kabla ya kitu kingine chochote kuna njia za maji, zinazopita kila upande wa silinda, na mengine yote yamejengwa kuzizunguka. Chini ni chuma cha kalibu, juu hedi ni alumini, na kati yao gasketi nyembamba inayotenganisha moto, oili na maji. Alumini hutanuka kwa joto kuliko chuma. Kwa hiyo injini ikiungua, hedi inataka kurefuka, chuma kinakataa, boliti zinashikilia, na hedi inapinda. Fundi alilaza rula ya chuma juu ya hedi akajaribu kupenyeza kibati cha kupimia chini yake. "Hii inaruhusiwa kupinda sehemu 5 za 100 za milimita," akasema. Hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Yangu ilipitisha vibati vitatu pamoja. Kati ya silinda ya pili na ya tatu gasketi ilikuwa imeungua ikaacha alama nyeusi kama njia ya siafu.

Halafu akanionyesha chanzo, na hicho ndicho kilichoniuma kuliko bili. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa na ufa pale klipu inapobana, ufa ambao haukuonekana mpaka uukunje. Mpira ule uliuzwa shilingi 600. Bili yangu, pamoja na kuchongwa kwa hedi, gasketi, oili na kazi ya mikono, ilifika 48,000. Bizari yangu tuliikuta ndani ya rejeta imekuwa tope, imeziba mirija midogo ambayo joto lilipaswa kupitia, na tundu lenyewe haikuligusa kwa sababu tundu halikuwa hapo. Themostati haikuwepo kabisa. Mmoja wa waliolimiliki gari kabla yangu aliing'oa. Mwalimu alisonya. Mafundi wengi wa Nairobi huing'oa wakidai huku kwetu ni joto, haina kazi. Alinieleza kwamba inafunguka maji yakifika digrii 82 hivi na kufunga yakipoa, ili injini ifanye kazi katika joto lake. Ukiitoa, kwenye barabara wazi injini hukaa baridi mno, inakula mafuta na kuchakaa, na ukija msongamano haikusaidii chochote. Kuitoa hakutibu gari linalochemka. Kunaficha tu dalili kwa muda.

Lakini lililonifungua macho lilikuwa kifuniko cha rejeta. Nilidhani ni kifuniko tu, kama cha sufuria. Mwalimu alibonyeza springi yake kwa kidole gumba, ikalala bila kurudi. Akaniuliza, "Maji huchemka digrii ngapi?" Nikasema 100, kama tulivyofundishwa shule. "Hiyo ni Mombasa," akasema. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,600 na zaidi, hewa huku ni nyepesi, na maji huchemka karibu digrii 95 tu. Injini yenyewe, ikiwa nzima kabisa, hufanya kazi kati ya 85 na 95. Kinachozuia maji yasichemke ni shinikizo la kifuniko kile: springi yake, ambayo nguvu yake huandikwa juu ya kifuniko kwa namba kama 0.9 au 1.1, hushikilia maji mpaka yaweze kupita digrii 110 bila kuchemka. Springi ikifa, maji ya Nairobi yanachemka wakati injini haijafanya kosa lolote. Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kusikia mtu akikitaja kifuniko, na nimeshuhudia majirani wakibadilisha rejeta nzima kwa ajili ya kitu kinachouzwa kwa mamia machache ya shilingi.

Nilimuuliza swali ambalo nadhani kila mtu humwuliza. Gari likianza kunywa maji tena, nitajuaje kama ninaweza kuliendesha au la? Alikuwa akifuta mikono kwa pamba. Hakujibu habari za gari.

"Unaenda wapi?" akasema. "Umebeba nani? Na likizima, utakuwa umesimama wapi?"

Nikangoja aendelee. Hakuendelea, akarudi kwenye kazi. Nilikuja kumtembelea mara nyingi baadaye, hata gari likiwa zima, na kipande kwa kipande nikapata mengine. Kuna dalili ambazo akiziona haulizi tena lolote, gari halitoki: oili iliyochanganyika na maji, mapovu yanayopanda mfululizo ndani ya rejeta injini ikiwa inanguruma, moshi mweupe usiokoma nyuma hata baada ya injini kupata joto, mipira inayojaa na kuwa migumu dakika moja baada ya kuwasha, ilhali kila kitu bado ni baridi. Hizo maana yake moto, oili na maji havitenganishwi tena ndani ya injini, na kila mita unayokwenda unaongeza bili. Feni iliyokufa ni jambo jingine: alfajiri, barabara wazi, unaweza kufika; saa kumi na moja jioni kwenye Outering Road, hufiki. Na kwa maji yanayovuja polepole alinifundisha kupima. Jaza gari likiwa baridi mpaka juu. Endesha kilomita unazozijua. Acha lipoe kabisa, kisha ujaze tena kwa chupa yenye alama, uone limepoteza kiasi gani. Mtu aliyepima ana namba ya kulinganisha na safari yake. Asiyepima ana matumaini tu, kama niliyokuwa nayo mimi pale Kamulu, na hata hayo niliyapata baada ya kuikanyaga namba.

Maji ya kisima yenye chumvi alinikataza kabisa, nami nikamtii, ingawa Dandora wakati wa ukame wa bomba si rahisi kujua jerikeni ya mkokoteni imetoka wapi. Nikaanza kununua koolanti, maji maalumu ya kupoza injini. Mke wangu alisema gari sasa linakunywa vizuri kuliko sisi.

Machi 2017 pampu ya maji ilianza kudondosha. Nilipima Jumapili: kama lita moja kwa kila kilomita 12. Mwalimu akasema niliegeshe hadi Jumamosi, atakapopata pampu nzuri. Nikaliegesha. Jumatano, saa nane za usiku, mlango ukagongwa. Alikuwa kijana wa chumba cha sita, hana viatu. Uchungu wa mke wake ulikuwa umeanza, wa mtoto wa kwanza, chupa imevunjika, na maumivu yalikuwa yakija kila baada ya dakika chache.

Nilisimama mlangoni na funguo hazikuwa mkononi. Nataka kuieleza dakika ile sawasawa, kwa sababu ni tofauti na Ijumaa ile ya 2014 ingawa mtu angeitazama kwa nje angeona jambo lile lile: mwanamume mwenye gari linalovuja, anaombwa alitoe. Kwanza nilimuuliza amempigia nani. Alikuwa amewapigia wenye teksi wawili, wote wakasema hawaingii Dandora saa zile. Bodaboda asingeweza kukaa. Mke wangu alijaribu namba ya jirani wa ploti ya pili mwenye gari aina ya Probox. Ikaita bila jibu. Kisha nikajiuliza yale maswali matatu ya mwalimu. Ninakwenda Mama Lucy Kibaki, chini ya kilomita 10, barabara tupu. Hewa ni ya usiku. Injini ni baridi, na baridi ile yenyewe ni akiba ya dakika kadhaa kabla joto halijapanda. Kwa namba niliyoipima Jumapili nitapoteza chini ya lita moja kati ya sita. Nimebeba mtu ambaye kukaa naye hapa kuna hatari kubwa kuliko injini yoyote. Na likizima, nitakuwa nimesimama Komarock, kwenye nyumba na walinzi, si kwenye kilima kisicho na watu. Aibu niliitafuta pia, nikaitafuta kwa makusudi. Safari hii haikuwepo.

Nikajaza rejeta mpaka juu, nikabeba jerikeni mbili, tukatoka. Niliwasha hita hadi mwisho tangu getini. Hita ya gari ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Ukiiwasha inachota joto la injini na kulimimina kwenye miguu yenu. Tulifungua vioo vyote vinne. Harufu ya moshi wa jaa la taka la Dandora iliingia upande mmoja na hewa ya moto ikatoka mbele, na yule mjamzito, jasho likimtiririka, akaniuliza mara mbili kwa nini ninamchoma. Mume wake alimpepea kwa kifuniko cha katoni. Nilikwenda mwendo wa kati, bila kukanyaga kwa nguvu, jicho moja kwenye barabara na jingine kwenye mshale, si kuutazama ukipanda tu bali kuutazama usianguke. Ulikaa katikati. Tulipoingia lango la hospitali ulikuwa umeanza kusogea juu kidogo. Nikazima injini kabla hata ya kuvuta breki ya mkono.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhana ya alfajiri, msichana. Baba yake alinijia pale nje akicheka na kulia. Akaniomba turudi nyumbani mara moja achukue nguo za mtoto na chai ya mama. "Si tumekuja salama?" akasema. "Ni hapo tu." Nilimpa nauli apande matatu. Alinitazama kama mtu asiyeelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza. Kuja kulikuwa na sababu. Kurudi hakukuwa nayo. Sasa injini ilikuwa ya moto, kukicha barabara zingejaa, na kulikuwa na matatu zinapita mbele ya lango kila dakika. Gari lilibaki pale hadi saa nne, mwalimu alipotuma kijana na kamba. Pampu ilibadilishwa Jumamosi kama ilivyopangwa. Hedi haikuguswa.

Watu wa ploti walinisifu sana kwa safari ya usiku ule. Mimi naiona kazi ngumu ilikuwa ile ya asubuhi, kukaa juu ya ukingo wa lango na funguo mfukoni bila kuwasha.

Pasaka ya mwaka huo mama alitaka kwenda Kangundo kuona kaburi. Nilimwambia tunaweza kupanda matatu. Akakataa, akasema atakwenda na gari. Tuliondoka alfajiri, wawili tu. Alikuwa amebeba chupa ya maji ya lita moja na nusu mapajani, ameishika kwa mikono miwili, na nilipomwambia tuiweke nyuma alisema hapana, inakaa vizuri hapo. Hatukuzungumza sana. Tulipokaribia Kamulu akanigusa mkono.

"Simama hapa."

Mshale ulikuwa katikati, haujatikisika tangu Njiru. Nikaingia kando ya barabara, pale pale, nikazima, nikafungua boneti. Tukangoja lipoe, yeye amesimama kando yangu na chupa yake, jua likipanda upande wa Joska. Nilipofungua kifuniko aliinama akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Limekunywa kiasi gani?"

"Halijanywa, mama."

Akaifunga vizuri chupa yake. "Haya," akasema, "twende."